Kupunguza mwendo wa mwanga kwa kompyuta: mwongozo wa anayeanza

Maswali ni yale yale. Kijana kaona video fupi kuhusu mwanga uliopunguzwa mwendo, kesho yake anaandika: kwani kasi ya mwanga si moja tu? Naweza kufanya jaribio hilo nyumbani, hapa Chumbageni, Tanga? Ile leza ya kijani inayouzwa Ngamiani inafaa? Nianzie wapi? Nimewajibu wengi mmoja mmoja, wanafunzi wa kidato cha sita, fundi simu mmoja, hata mwalimu mwenzangu. Sasa naandika mara moja, ukiuliza tena nakutumia hii.

Majibu ya haraka kwanza. Kasi ya mwanga kwenye ombwe ni mita 299,792,458 kwa sekunde, na hiyo haiguswi. Kinachopungua ni mwendo wa mpigo wa mwanga, yaani kipande kifupi cha mwanga, unapopita ndani ya wingu la atomu ambalo leza nyingine imelitayarisha. Jaribio lenyewe nyumbani huliwezi: linataka leza mbili zilizoshikizwa barabara kwenye masafa (frequency) ya atomu, chombo cha ombwe, na meza isiyotikisika hata lori likipita barabarani. Leza ya Ngamiani haifai. Lakini hesabu yake, ile ile wanayoanzia watu wa maabara, inaendeshwa kwenye simu uliyoishika sasa hivi, hata ukiwa umekaa Raskazone unapunga upepo. Mwongozo huu unafanya hiyo hesabu, basi.

Ukifika mwisho utakuwa na grafu ya dirisha ambamo wingu jeusi linageuka angavu, mpigo uliochelewa kwa maikrosekunde kadhaa, na mwanga mmoja ukiusukuma mwingine, jambo ambalo mwanga wa kawaida haufanyi.

Unachohitaji

- Kompyuta, au simu yenye kivinjari. Kama huna kompyuta tumia Google Colab, ukurasa wa kuendeshea Python kwenye kivinjari, kwa akaunti yako ya Gmail. Hesabu inafanyika kwenye kompyuta za mbali, kwako zinakuja maandishi na picha za grafu tu, kwa hiyo bando dogo linatosha.
- Lugha ya programu ya Python, pamoja na vifurushi vya numpy na matplotlib. Kwenye Colab vyote vimo tayari. Kwenye kompyuta yako andika `pip install numpy matplotlib` siku ukiwa na Wi-Fi. Baada ya hapo hutahitaji mtandao.
- Namba changamani, na maana ya mteremko wa grafu. Aliyepita PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) yuko sawa. Wa kidato cha nne atafuata hatua zote, ila mambo mawili matatu atayakubali kwanza na kuyaelewa baadaye.
- Daftari na kalamu. Usiruke hili, Hatua ya 4 inalidai.

Leza huhitaji. Na kwa kuwa nimeigusa: usinunue ile ya kijani kwa ajili ya kazi hii. Nyingi zinatoa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 532, wakati atomu ya rubidi tutakayoitumia inasikia hasa nanomita 795 na 780, tena kwa usahihi ambao leza ya kuchezea haina. Kichekesho ni kwamba ile rangi ya kijani yenyewe mara nyingi imezaliwa na sayansi ya mwanga usiofuata mstari mnyoofu (nonlinear optics), ile tutakayoigusa Hatua ya 8: ndani yake kuna mwanga wa infraredi wa nanomita 1064 unaopitishwa kwenye kristali na kutoka na nusu ya urefu wa wimbi. Leza za bei chee hazina kichujio kizuri, kwa hiyo infraredi huvuja pamoja na kijani. Jicho haliioni wala halipepesi kujikinga. Usimwachie mtoto.

Nadharia, kiasi cha kuanzia

Chukua atomu yenye ngazi tatu za nishati: mbili za chini, tuziite 1 na 2, na moja ya juu, 3. Katika rubidi 87, zile mbili za chini zimeachana kwa gigahezi 6.8 hivi, na ya tatu unaifikia kwa mwanga wa nanomita 795. Leza hafifu, tuiite ya kupimia, inagusa njia ya 1 kwenda 3. Leza yenye nguvu, ya kuongozea, inagusa 2 kwenda 3.

Ukizima ya kuongozea, wingu linaumeza mwanga wa kupimia wote. Ukiiwasha, zinakuwapo njia mbili za kufika ngazi ya 3, na zinafutana. Atomu inatulia kwenye mchanganyiko wa 1 na 2 usioweza kupanda juu, na wingu linakuwa angavu ndani ya ukanda mwembamba wa masafa. Huo ukanda nitauita dirisha.

Ndani ya dirisha, masafa yakipanda, kiwango cha mpindo wa mwanga (refractive index) kinapanda kwa mteremko mkali sana. Chenyewe kinabaki karibu na 1. Ni mteremko wake unaouchelewesha mpigo. Ukilishika hili, nusu ya maswali ninayoletewa yanakufa.

Stephen Harris na wenzake wa Stanford waliandika mwaka 1990 kuhusu kutumia ujanja huu kuimarisha athari za mwanga zisizofuata mstari mnyoofu, yaani zisizokua sawia na nguvu ya mwanga, na mwaka 1991 wakaonyesha uangavu wenyewe katika mvuke wa stronti. Mwaka 1999 Lene Hau na wenzake wakaufikisha mwanga kwenye mita 17 kwa sekunde ndani ya wingu la sodiamu lililopoozwa hadi karibu kabisa na sifuri halisi. Hiyo ni kilomita 61 kwa saa, mwendo wa basi la Muheza dereva akijua mbele kuna trafiki. Mwaka huo huo kundi jingine likapata kama mita 90 kwa sekunde katika rubidi ya moto, bila kupooza chochote.

Nadharia imetosha. Fungua kompyuta.

Hatua ya 1: Ingiza namba

```
import numpy as np
import matplotlib.pyplot as plt

G  = 2*np.pi*5.75e6
g  = G/2
g0 = 2*np.pi*1e3
W  = G/2
D  = 30
L  = 0.01
```

G ni kasi ya ngazi ya 3 kuporomoka. Kwa mstari wa nanomita 795 wa rubidi ni megahezi 5.75 zikizidishwa kwa 2π. g ni nusu yake. g0 ni kasi ambayo mchanganyiko wa 1 na 2 unavurugika. Atomu zikigongana, au uga wa sumaku ukiyumba, inakua. W ni kipimo cha nguvu ya uga wa leza ya kuongozea. D ni unene wa wingu jinsi mwanga unavyouona: bila leza ya kuongozea, nguvu ya mwanga inayopenya ni exp(−D). L ni urefu wa wingu kwa mita, hapa sentimita 1.

Onyo kubwa kuliko yote ya leo: ile 2π. Vitabu vinaandika "megahezi 5.75" na fomyula inataka radiani kwa sekunde. Ukiisahau, programu haitalalamika hata kidogo. Itakupa jibu safi, lenye grafu nzuri, na si kweli.

Hatua ya 2: Andika fomyula moja inayobeba kazi yote

```
def s(d, W, S=0):
    p = g0 - 1j*(d - S)
    return 1j*g*p / ((g - 1j*d)*p + W**2/4)
```

d ni mchepuko, yaani masafa ya leza ya kupimia yamekaa mbali kiasi gani na masafa ya atomu. S iache sifuri mpaka Hatua ya 8. Jibu ni namba changamani: sehemu ya kufikirika inasema mwanga unamezwa kiasi gani, sehemu halisi inasema awamu (mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake) inasogea kiasi gani.

Ukiwa unaandika kwenye simu, angalia kibodi. Inapenda kugeuza `import` kuwa `Import`, na ile nafasi ya mwanzo wa mistari miwili ya ndani huimeza. Python haivumilii lolote kati ya hayo. Na ni `1j` ikiwa imeshikana, si `1*j`.

Hatua ya 3: Chora dirisha

```
d = 2*np.pi*np.linspace(-5e6, 5e6, 4001)
x = d/(2*np.pi*1e6)
plt.plot(x, s(d, 0).imag)
plt.plot(x, s(d, W).imag)
plt.plot(x, s(d, W).real)
plt.show()
```

Mstari wa kwanza ni kilima kimoja: wingu la kawaida linalomeza mwanga. Wa pili una vilima viwili, kwenye megahezi 1.44 kushoto na kulia, na katikati yake bonde linalogusa karibu sifuri. Hapo ndipo penye dirisha. Wa tatu ndio wa kuutazama kwa makini: pale katikati ya bonde unapanda kwa mteremko mkali, kisha unashuka taratibu pande zote mbili.

Baada ya hapo chora `np.exp(-D*s(d, W).imag)`. Huo ni mwanga unaopenya kweli. Utaona mnara mwembamba katikati ya giza, wenye upana wa kama kilohezi 220 kwenye nusu ya kimo. Wengi hushangaa kwamba ni mwembamba kuliko lile bonde. Wingu nene halina huruma: penye kumeza kidogo tu, zidisha kwa 30 kisha uweke kwenye exp, hakibaki kitu.

Zile nukta 4001 usizipunguze kuwa 101 ili programu iende haraka. Nukta zitaachana kwa kilohezi 100, na mnara mzima utaangukiwa na mbili tatu tu.

Hatua ya 4: Piga kwa mkono kabla ya kompyuta

Kama g0 ni ndogo, muda wa kuchelewa ni D × G ÷ W². Weka namba: 30 × 36.1 milioni, gawa kwa mraba wa 18.06 milioni. Fanya kwenye daftari. Unapaswa kupata maikrosekunde 3.3.

Najua utataka kuruka. Usiruke. Asiye na jibu la mkononi hana namna ya kujua kama kompyuta inamdanganya, na kwenye kazi hii kosa la 2π linakuja kimya kimya.

Hatua ya 5: Pata muda wa kuchelewa na mwendo

```
h = 2*np.pi*100
tau = D/2*(s(h, W).real - s(-h, W).real)/(2*h)
print(tau*1e6, L/tau)
```

Tunachukua nukta mbili zilizokaribiana sana, moja kila upande wa katikati, na kutafuta mteremko. Utapata kama 3.31 na 3020. Mpigo unavuka sentimita moja kwa maikrosekunde 3.31, sawa na mwendo wa kilomita 3 kwa sekunde. Mwanga umepunguzwa mara laki moja hivi.

Jipime na jaribio la kweli. Katika kipimo kimojawapo cha mwaka 1999, mpigo ulichelewa maikrosekunde 7.05 ndani ya wingu la sodiamu lenye urefu wa maikromita 229. Gawa mwenyewe: mita 32.5 kwa sekunde. Hakuna uchawi kwenye namba hiyo. Wingu lilikuwa fupi kuliko punje ya mchele, ila nene ajabu.

Hapa huja swali: "Mwalimu, nimebadilisha L, mbona muda wa kuchelewa umekataa kubadilika?" Hautabadilika. L haimo kwenye fomyula ya tau. Iliyomo ni D. Ukiliongeza wingu urefu bila kuongeza atomu zilizo kwenye njia ya mwanga, D inabaki ile ile na muda ni ule ule.

Hatua ya 6: Pitisha mpigo wenyewe

```
n = 2**14
t = np.linspace(-40e-6, 40e-6, n, endpoint=False)
f = np.fft.fftfreq(n, t[1]-t[0])
d = -2*np.pi*f
ingia = np.exp(-2*np.log(2)*(t/4e-6)**2)
H = np.exp(1j*D/2*s(d, W))
toka = np.fft.ifft(np.fft.fft(ingia)*H)
plt.plot(t*1e6, np.abs(ingia)**2)
plt.plot(t*1e6, np.abs(toka)**2)
plt.show()
```

Tumeuchukua mpigo wenye upana wa maikrosekunde 4, tukauvunja kuwa masafa yake (hiyo ndiyo hesabu ya Fourier), kila sehemu tukaipitisha kwenye wingu, kisha tukaziunga tena. Utaona vilima viwili. Cha pili kiko nyuma kwa maikrosekunde 3.3, kilele chake ni kama 0.76 badala ya 1, na upana umefika kama maikrosekunde 4.5.

Upana umeongezeka kwa sababu kingo za masafa ya mpigo zimegusa kuta za dirisha zikamezwa. Mpigo uliopungukiwa masafa hutanuka kwenye muda. Hakuna namna ya kukwepa.

Itazame ile alama ya kutoa kwenye `d = -2*np.pi*f`. Si kosa la uchapaji. Fomyula ya Hatua ya 2 imeandikwa kwa desturi ya wanafizikia, numpy inafuata desturi ya pili, na alama hiyo inawapatanisha. Ukiifuta, mpigo utatoka kabla haujaingia. Nimeshaletewa grafu ya namna hiyo kwa furaha, mwenyewe akidhani amevunja sheria ya Einstein.

Hatua ya 7: Vuta huku na huku

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Nyingine ni maandalizi tu.

Punguza leza ya kuongozea: weka `W = G/4`, rudia Hatua ya 5 na ya 6. Muda wa kuchelewa unaruka hadi maikrosekunde 13. Umefurahi? Tazama mpigo: kilele kimebaki 0.17, na upana umefika kama maikrosekunde 9. Umeupunguza mwendo mara nne, lakini dirisha nalo limejibana mara nne, na mpigo wako ulikuwa mnene kuliko mlango.

Sasa rudisha `W = G/2`, badala yake weka `D = 120`. Muda wa kuchelewa ni ule ule, kama 13. Kilele safari hii ni karibu 0.42. Umepata uchelewaji sawa na mwanga zaidi ya mara mbili.

Linganisha hizo mbili mpaka uone sababu. Kupunguza W kunaongeza uchelewaji na kufunga dirisha kwa kiasi kile kile, kwa hiyo ukizidisha kimoja kwa kingine hujapata faida yoyote. Kuongeza D kunaongeza uchelewaji kwa D nzima, lakini dirisha linajibana kwa kipeuo cha pili cha D tu. Faida yote iko hapo. Ndiyo maana watu wa maabara huhangaika kupata wingu nene kuliko wanavyohangaika kupunguza leza, na mtu anayejisifia mwendo mdogo bila kutaja upana wa mpigo wake mimi simsikilizi.

Jaribu pia kuikuza g0 mara kumi. Mteremko hauguswi sana, lakini kimo cha dirisha kinashuka na mwanga unaanza kupotea hata pale katikati.

Hatua ya 8: Leta mwanga wa tatu

Kwenye kioo au hewa, miali miwili ikikutana hupitana tu, kila mmoja na safari yake. Hapa tunataka mmoja usikie kwamba mwingine yupo.

Tuseme kuna leza ya tatu, isiyogusa ngazi ya 3 kabisa. Inagusa ngazi ya 2 kutoka pembeni, ikielekea ngazi ya nne, kwa masafa yaliyo mbali kidogo na yake. Haimezwi, ila inaisogeza ngazi ya 2 kidogo. Msogeo huo unakua na nguvu ya leza hiyo. Kwenye fomyula yetu ndio S. Weka kilohezi 10, baada ya kurudisha D = 30 na W = G/2:

```
S = 2*np.pi*10e3
print(D/2*s(0.0, W, S).real)
print(np.exp(-D*s(0.0, W, S).imag))
```

Utapata awamu imesogea kwa radiani 0.21, yaani nyuzi 12, alama ikiwa hasi. Ukigeuza S kuwa hasi, awamu itageuka chanya. Na mwanga unaopenya umepungua kwa chini ya asilimia 1 ukilinganisha na S = 0.

Kilohezi 10 ni kitu gani mbele ya masafa ya nanomita 795, ambayo ni terahezi 377? Si kitu. Lakini mpigo unakaa ndani ya wingu maikrosekunde 3.31, na awamu inayopatikana ni S mara muda huo. Kadiri mwanga unavyokawia ndivyo msogeo mdogo unavyokuwa na nafasi ya kujijenga. Schmidt na Imamoğlu walilipendekeza hili mwaka 1996 kama njia ya kupata athari kubwa bila mwanga kumezwa, ambako kwa kawaida ukitaka moja unalipia kwa jingine.

Usiongeze S kiholela. Ikifika nusu ya upana wa dirisha, mpigo unagonga ukuta ule ule wa Hatua ya 7. Na modeli hii imeacha nje mwanga unaotawanywa na ngazi ya nne, kwa hiyo kwa S kubwa majibu yake yatakuwa mazuri kupita ukweli.

Ikigoma

*Inaandika nan (yaani si namba).* Umeweka g0 = 0 na W = 0 kwa pamoja, pale katikati inagawa sifuri kwa sifuri. Weka g0 ndogo lakini isiwe sifuri.

*Muda wa kuchelewa umetoka 20 na ushei badala ya 3.3.* Umesahau 2π kwenye G. Daftari lako la Hatua ya 4 lingekwambia.

*Mpigo umetoka mapema.* Alama ya kutoa kwenye d, rudi Hatua ya 6.

*Mpigo umetokea mwanzo kabisa wa grafu, upande wa kushoto.* Umechelewa hadi ukapita ukingo wa kulia wa muda uliouweka, na hesabu ya Fourier ikauzungusha. Panua muda kutoka 40e-6 hadi 200e-6, na n iwe `2**16`.

*Linatoka onyo kuhusu kutupa sehemu ya kufikirika, na grafu ni ya ajabu.* Umechora `toka` yenyewe. Chora `np.abs(toka)**2`.

*Grafu ya mwanga unaopenya ni mstari uliolala kwenye sifuri.* Ama umechora ile yenye W = 0, ambapo kinachopita ni exp(−30) na huwezi kukiona, ama nukta zako ni chache na zimeuruka mnara.

*Umeme umekatika, kazi yote imepotea.* Kwenye Colab maandishi hujihifadhi, ila namba zilizokuwa kwenye kumbukumbu huweza kufutika. Endesha upya kuanzia Hatua ya 1 kwa mpangilio. Ukianzia katikati itakwambia haijui np.

*Natumia namba za mvuke wa moto na majibu hayafanani na ya maabara.* Ni sawa yasifanane. Modeli hii ni ya atomu zilizopoozwa. Kwenye joto la chumba atomu za rubidi zinakimbia mamia ya mita kwa sekunde, na masafa yanatawanyika kwa kama megahezi 500. Watu wa mvuke huzielekeza leza zote mbili upande mmoja ili misogeo miwili ikaribie kufutana, na huongeza gesi isiyoshiriki ili atomu zisitoroke haraka kwenye mwanga. Kwako itakubidi ujumlishe s kwa kila kundi la mwendo.

*Nimeweka W = 0 mpigo ukiwa katikati, nataka kuusimamisha kabisa, napata giza.* Hili huulizwa na wanaokwenda haraka, na ni dalili nzuri. Makundi mawili ya watafiti yaliuhifadhi mwanga na kuutoa tena mwaka 2001, kwa kuizima leza ya kuongozea mpigo ukiwa ndani. Fomyula ya Hatua ya 2 haiwezi kukufikisha huko, maana inadhani W haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiiwekea sifuri unaiambia kwamba leza haikuwahi kuwashwa. Inabidi uachane na Fourier, utatue mabadiliko ya mwanga na ya atomu pamoja, kipande kwa kipande cha muda na cha wingu, huku W ikishushwa taratibu. Ukimaliza Hatua ya 7 na ukaweza kumweleza mwenzako kwa nini D = 120 ilishinda, niandikie, tuianze hiyo.